Kitambaa Nyekundu Juu ya Sanduku ya Gato

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na kama si mudogo wangu Feza mwenyewe kuniruhusu ingelala nami kaburini, lakini juzi alicheka mbele ya wajukuu mpaka akakohoa, akaniambia, mimi mukubwa wake, "Yaya, andika tu, wale wote waliokuona siku ile wamekwisha kuzeeka, nani atakuja kukunyooshea kidole?" Bon. Ninaandika. Mimi ni ule mwanamuke aliyesimama mbele ya watu wa arusi kule Kashikishi, mbele ya wakwe, na kwaya, na katekista, akafungua gato, ile keki ya arusi ya mudogo wake, na ile gato ikamutazama kwa macho mawili.

Musicheke kwanza. Muache nianze mwanzo.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati ng'ambo kwetu walikuwa wanaita nchi Zaire. Mimi nilikuwa nimevuka ziwa kutoka Kilwa (ile ya Zaire, si ya baharini) miaka sita mbele ya pale, nikaolewa na ba Chisenga, ile "ba" ni heshima tu, muvuvi wa Kashikishi, mutu wa maneno kidogo (Mungu amupumuzishe), na hapa wakaanza kuniita Bana Mwamba, maana yake mama ya Mwamba, juu ule njo mutoto wangu wa kwanza. Nilivuka na mudogo wangu Feza. Alikuwa na miaka kumi na mbili, mama yetu tulikuwa tumemuzika ile mwaka, na ndani ya mutumbwi Feza alikuwa amekaa juu ya musigo wetu akishika beseni mbili za mama, mikono yote mbili, tangu Kilwa mpaka huku, hata mawimbi yalipopanda hakuziachilia.

Zile beseni mbili muzikumbuke.

Mama yetu alikuwa mupishi wa masista kule misheni. Mimi shule yangu ilikuwa ile jiko, darasa la pili sikulimaliza, lakini gato ninajua, ninajua kwa mukono, si kwa kitabu. Kila siku kuu ya masista mama alipika gato, na Feza akiwa mudogo alisimama kwa mulango akitazama, hawakuwa wanamupa hata ukoko, na mama akamuambia, "Usilie. Siku ya arusi yako nitakupikia gato yako wewe, hakuna sista atakata mbele yako." Alimuambia vile mara nyingi. Kiisha akakufa, na ahadi ikabaki. Ahadi ya mama akikufa inaenda kwa nani? Inakuja kwa mukubwa. Donc ilikuja kwangu.

Sasa Feza akakomaa, akapendana na Chola, kijana mutulivu, fundi wa mitumbwi. Muzuri. Lakini Chola alikuwa na mama, na ule mama, Bana Chola, mujane, mutu wa Chienge, murefu, mwenye nyavu zake mwenyewe na wavuvi wake mwenyewe, alikuwa na sauti ya kasia inapiga maji. Hakukataa arusi. Alisema neno moja tu, pa soko, akichagua mihogo: "Mutoto hana mama, siku ya arusi nani atafunua sahani?"

Hapa kwetu kwenye ziwa, siku ya arusi, mama na shangazi za muke wanaleta chakula imefunikwa, wanaiweka mbele ya mukwe na watu wake, kiisha wanafunua, sahani moja moja, na kila mutu ananyoosha shingo. Chenye kinatoka chini ya kifuniko njo kinasema yule binti amelelewa nyumba gani. Na huyu anauliza nani atafunua!

Lile neno lilifika kwangu mbele ya mihogo kufika nyumbani kwake (Bana Musonda ndiye aliyelibeba, alikuwa na miguu ya haraka kwa mambo ya namna ile). Nikasimama katikati ya wauza chisense, samaki wadogo wa ziwa, mikono kwa kiuno, nikasema kwa nguvu, "Mumuambie Bana Chola nitafunua mimi. Nitafunua kitu chenye macho yake haijaona tangu azaliwe."

Mungu alisikia. Alinipa kama nilivyosema, kweli kabisa.

Alors, gato. Sukari tulikusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa saba. Mayai niliomba nyumba kwa nyumba: manne ya Bana Musonda, sita ya Bana Kabwe, matatu ya muke wa katekista, na moja ilikuwa imeoza lakini sikusema, na mengine ya kuku wangu. Nilipika kwa sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, usiku kucha nikigeuza, gato moja kubwa ya chini na moja ndogo ya kukaa juu yake. Kiisha nikasugua siagi na sukari mpaka mukono ukakufa ganzi, nikapaka yote, nyeupe, na juu nikatengeneza maua. Maua ya rangi ya waridi, rangi nilikamua kwa ngai-ngai nyekundu, ile mboga yenye uchachu, kama mama. Feza alikuja kuiona asubuhi ya arusi, nywele bado nusu imesukwa. Alisimama kwa mulango. Aliegemea vile vile alivyokuwa anaegemea kule misheni, bega moja, na mimi nikajifanya nina kazi na moto.

Lakini ilikuwa mwezi wa kumi. Ninyi wa huku munajua mwezi wa kumi, mbele ya mvua, vile joto inakaa juu ya ziwa kama kifuniko. Saa mbili ya asubuhi ua la kwanza likaanza kutoka jasho. Saa tatu likainama. Na gato ilikuwa ya kukatwa saa tisa! Nikapepea na kitenge. Nikaweka maji chini. Ba Chisenga akapita, akatazama, akasema, "Inalia." Akaenda zake.

Njo akili yangu ikatembea (akili ikitembea peke yake bila mutu wa kuishika, angalieni inapofika). Pale bandarini Kashikishi kulikuwa nyumba ya barafu, na wafanyabiashara wa samaki walikuwa na masanduku makubwa ya mbao, ndani bati, barafu juu na chini, kiisha lori inabeba mpaka kule migodini, Kitwe, siku mbili njiani, na samaki inafika kama imetoka majini sasa hivi. Nikasema, kama samaki inafika Kitwe nzima, gato yangu itashindwa kufika saa tisa?

Ba Chisenga akaniazima sanduku. Nikaisugua kwa majivu, na ndimu, na majivu tena, mpaka Bana Musonda akauliza kama ninataka kumulaza mutoto muchanga ndani. Gato nikaiweka ndani ya beseni ya mama, juu nikageuza beseni yake ya pili kama kifuniko, nikafunga na kitambaa nyeupe, harufu isipite hata kama iko na funguo. Barafu huku na huku. Wanaume wawili, Sankwe na Pascal (ule Pascal alikuwa mutu wa Kilwa kama mimi, mumukumbuke naye), wakabeba sanduku yenye gato mpaka kivulini, pembeni ya nyumba ya barafu.

Ba Chisenga akasema, "Bana Mwamba, barafu umepata. Sasa rudisha sanduku nyumbani."

Nikamuambia, "Nyumbani jua itaiua. Ikae hapa kwa baridi ya wenzake, saa ya gato watakuja kuichukua."

"Hapa kuna watu wengi."

"Nitaifunga."

Akanitazama. Angeongeza neno moja tu ile siku, maisha yangu ingekuwa ingine. Lakini ba Chisenga maneno yake ya ile asubuhi ilikuwa imekwisha.

Nikafunga sanduku na kamba. Kiisha nikafikiri juu ya vidole. Watu wote wa Kashikishi walikuwa wamesikia habari ya gato, kila mwenye kupita angetaka kuchungulia, na kuchungulia kunazaa kuonja. Na mi nilikuwa nimeona, miaka sita yote, vile masanduku yenye kufungwa kitambaa kwa kamba hakuna mutu anayagusa. Kitambaa maana yake imefungwa, imekwisha, ukifungua wewe ni mwizi. Na pale kwa musumari wa mulango kulikuwa kunaning'inia kitambaa nyekundu, nzuri, haina kazi. Nikachukua. Nikafunga kwa kamba ya sanduku yangu, fundo mbili. Nikasimama mbali kidogo nikaitazama, nikafurahi na nafsi yangu.

Sasa mimi nilikuwa muuza chisense. Chisense tunakausha kwa jua, tunatia kwa mifuko, mambo ya barafu na vitambaa si yetu. Kama ningemuuliza mutoto yeyote wa muvuvi angeniambia: kitambaa si ya kuzuia watu tu, kitambaa iko na rangi, na rangi ni jina. Kijani ya huyu, bluu ya ule. Nyekundu ilikuwa ya ba Kapembwa, mufanyabiashara munene wa makobo, ile samaki kubwa, na kila sanduku yenye kitambaa nyekundu kivulini pale, ni ya kupanda kwa lori ya ba Mulubwa, kwenda Kitwe.

Ile siku ba Kapembwa alikuwa ameambia wapakizi: masanduku saba. Wakahesabu saba, wakapakia saba, lori ikaondoka. Ya nane ikabaki, kwa nini wangeuliza? Wao waliambiwa saba.

Munaanza kuona? Mimi sikuona. Mimi nilikuwa kanisani nikiimba.

Arusi ilikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Feza alivaa nguo ya kuazima kwa muke wa katekista, ilikuwa fupi kidogo, tukaongeza kitambaa chini. Sisi upande wa muke tulivaa kitenge moja wote. Kiisha tukaenda pa nyumba ya Bana Chola, walikuwa wamejenga kivuli kikubwa cha matete uani, watu wengi, na mwenye kuongoza shuguli alikuwa mwalimu Bwalya, aliyependa sauti yake kuliko mushahara wake. Tukala. Sahani za upande wetu zilifunuliwa, kuku, muchele, kalembula, majani ya viazi, na karanga, na Bana Chola alikuwa amekaa kwa kiti kirefu, anatazama kila moja, hasemi muzuri, hasemi mubaya. Feza alikuwa amekaa kwa mukeka karibu na Chola, macho chini, vile binti wa arusi anakaa. Nilijua anahesabu sahani. Nilijua anangoja ile moja.

Saa tisa nikawatuma Sankwe na Pascal walete ile yenye kitambaa nyekundu. Wakarudi wakibeba sanduku, kitambaa nyekundu juu, maji inachuruzika, wanahema.

"Bana Mwamba," Sankwe akasema, "hii gato yako umetia mawe?"

"Ni barafu," nikasema. "Mutatoka jasho kwa vitu ya masista."

Ningeweza kuifungua pembeni. Njo hapa ninajichapa mpaka leo. Ningeifungua nyuma ya nyumba, nitoe beseni, nije nayo kwa heshima. Hapana. Nikataka waone barafu. Nikataka ule moshi ya baridi upande mbele ya Bana Chola. Nikawaambia waiweke katikati kabisa, nikamuomba mwalimu Bwalya anyamazishe kwaya, nikasimama, na kitenge changu kipya, nikasema, hata sasa masikio yangu inawaka: "Wakwe zetu. Mulisema mutoto huyu hana mama. Leo mama yake atazungumuza."

Nikafungua kamba. Nikafungua kifuniko.

Baridi ikatoka, nyeupe, na watu wote wakasema *aaaa*, na mimi sikutazama ndani, nilikuwa ninatazama uso wa Bana Chola, nikingoja ile furaha ije. Uso wake haukuja na furaha. Ukakunja. Kiisha nakulu Kunda, bibi muzee sana, aliyewekwa mbele kwa ajili ya macho yake mubaya, akainama juu ya sanduku, akanyoosha mukono, akagusa, akauliza kwa upole, "Keki ya Wakongo, mwe, iko na meno?"

Nikatazama.

Makobo. Makobo kubwa, imefungua kinywa, inanitazama kama mimi njo nimechelewa. Na chini yake nyingine, na nyingine, mpaka chini.

Watu wakabana midomo, kicheko kikiwa njiani. Na mimi, kuliko kufunika sanduku na kusema kuna kosa, kinywa changu kikafunguka peke yake, kama cha ile samaki, nikasema, "Kwetu… kwetu Kilwa, samaki inatangulia."

"Samaki inatangulia!" mwalimu Bwalya akapaza sauti. "Desturi ya ng'ambo! Makofi!"

Wakapiga makofi. Ningekufa. "Na wanaifanya nini, Bana Mwamba?" Bwalya akauliza. "Utuonyeshe!"

"Wanaishika," nikasema.

"Nani?"

"Muke na mume. Mume kwa kichwa. Muke… kwa mukia."

Na maskini Chola, mutoto wa heshima, akasimama akashika kichwa ya makobo na mikono mbili, suti imeanza kulowana, ananitazama kama mutu ananingoja nimuambie sala inayofuata, na mimi sina sala. Hapo Pascal, ule wa Kilwa, aliyekuwa bado anafuta jasho, akasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Kilwa gani hiyo?"

Kicheko kikapasuka. Kwaya ilicheka kwa sauti nne. Na ndani ya kicheko ba Kapembwa mwenyewe, alikuwa mualikwa, kiti cha pili, akasimama na tumbo yake, akatembea mpaka kwa sanduku, akainua ile kitambaa kwa vidole viwili. "Mayo, mama yangu," akasema. "Hii ni samaki yangu. Ya lori ya Mulubwa." Akahesabu kwa midomo. Kiisha akanigeukia polepole, alikuwa mutu muzuri, hakutaka kunipiga na maneno. "Bana Mwamba, ulifunga kitambaa yangu kwa sanduku yako?"

"Nilifunga," nikasema.

"Basi gato yako imekwenda Kitwe."

Kicheko ikawa kubwa zaidi, wengine wakaanguka kwa mukeka, nakulu Kunda anauliza kuna nini, kuna nini, na mimi labda ningecheka nao, maana mimi ni mutu wa kucheka, lakini nikaona Feza. Alikuwa ameinua uso. Binti wa arusi hainui uso, yeye akainua, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na ule uso wa ndani ya mutumbwi, siku tulipovuka.

Akaniuliza, si kwa nguvu, lakini nikasikia juu ya kelele yote, "Yaya, na beseni za mama?"

Gato hakuuliza. Beseni.

Nikakaa chini. Si kwa kiti, chini, kwa vumbi, na kitenge kipya. Nikasema kweli yote, nikimuangalia yeye tu: kwamba nilidanganya, kwamba Kilwa hakuna desturi ya samaki, kwamba mama aliahidi gato na mimi nilipika, nilipika vizuri, Feza wewe uliiona, na kwamba niliiacha pwani, kiisha sikuichungulia, juu nilitaka kumuonyesha Bana Chola barafu. Watu walioanguka kwa mukeka wakaanza kuinuka, upande mumoja, kiisha upande wa pili. Nikasema, "Mama aliahidi, mimi nikapoteza. Munisamehe. Mutoto amelelewa vizuri. Aliyelelewa vibaya ni mimi."

Bana Chola akasimama.

Nilifikiri anaondoka. Ule mama alitembea kama anapima uwanja, akafika kwa mutoto wake, akachukua ile makobo kutoka mikononi mwake, akaitazama mashavu, ndani ya mashavu, nyekundu, akainusa. Kiisha akasema (alisema Kibemba, mi ninaandika vile nilivyosikia, juu hata leo Kibemba changu kinatembea na fimbo), "Siku waliponileta hapa kutoka Chienge, mutumbwi uligeuka pale pale mbele ya bandari. Unga ya mama yangu, kuku, yote ikaingia majini. Nilifika kwa wakwe nimelowana, mikono mitupu. Mama-mukwe wangu alicheka miaka yote mpaka alipokufa. Kila muhogo niliopika alisema, angalia usiitie majini."

Akageuza ile makobo mikononi.

"Mimi sicheki," Bana Chola akasema. "Ba Kapembwa, hii samaki umetupa ao hapana?"

"Nimetoa, mama," ba Kapembwa akasema haraka. "Sanduku yote. Ni zawadi yangu ya arusi."

"Muzuri. Leteni kisu."

Na wakakata. Muamini ao musiamini, Feza na Chola, mikono yao miwili juu ya kisu kimoja, wakakata makobo juu ya meza nyeupe, na kwaya ikaanza kuimba yenyewe, polepole, bila kungoja mwalimu Bwalya. Makaa ilikuwa bado hai nyuma ya nyumba. Bana Chola alichoma yeye mwenyewe, alikataa mutu mwingine kugusa. Alirudi na kipande kwa sahani, akajikunja, yeye murefu vile, akakaa kwa mukeka pembeni ya Feza, na kwa vidole vyake, vidole vya nyavu, vigumu, akaanza kutoa miiba. Mumoja mumoja. Akaweka pembeni ya sahani. Alichukua wakati murefu, na watu mingi walimungoja, na hakujali. Kiisha akamutilia Feza kinywani.

"Kula," akasema. "Nimetoa yote."

Feza akakula, akalia, akakula. Mimi nililia kwa vumbi yangu. Hata Pascal alilia, yeye mwenye kuniharibia.

Kuna sehemu ya mwisho, halafu niwaache.

Lori ya ba Mulubwa ilirudi baada ya siku nane. Mimi zile siku sikutoka sana, juu nikipita pa soko wanawake walikuwa wanauliza kama leo samaki inatangulia ao inafuata. Ba Mulubwa akasimamisha lori mbele ya nyumba yangu kabisa, akapiga honi, akashuka na sanduku yangu, imefungwa kamba, na juu yake, ah, kitambaa nyekundu, amefunga yeye mwenyewe, anacheka.

Akanieleza. Kule soko ya Kitwe kuna mwanamuke anayepokea samaki ya ba Kapembwa, Bana Mutale, jina lake sijasahau na sura yake sijaiona kamwe. Alifungua masanduku sita, makobo, makobo, akafungua ya saba akaona beseni. Akafungua beseni. Gato ilikuwa baridi kama mawe ya usiku. Nzima! Hata ua moja halikuinama. (Ninaomba muandike hiyo kwa kumbukumbu yangu: ile namna yangu ya kutunza gato na barafu ilifanya kazi vizuri kabisa, ilikosa arusi tu.) Wakaita wenzao, wakasimama pale na mikono yenye magamba, wakasema hii ni ya arusi ya mutu, mutu analia mahali fulani. Kuirudisha yote haikuwezekana, siku zingine mbili kwa joto ile. Wakaimba. Hawakujua wanamuimbia nani, waliimba tu, ule wimbo wa kumupeleka binti, wakakata ile kubwa ya chini wakagawana. Lakini ile ndogo ya juu Bana Mutale alikataa. Alisema ya juu ni ya mwenyewe. Waliiweka kwa barafu mpaka lori ilipogeuka.

Sikufungua. Nilikuwa nimejifunza. Nikamuita Sankwe, tukaibeba vile vile mpaka pa nyumba ya Bana Chola, nikaifungua jikoni, hakuna mutu, sisi watatu tu: Bana Chola, Feza na mimi. Beseni mbili za mama zilikuwa zimeoshwa, zinang'aa kuliko nilivyozituma. Ndani gato ndogo, na maua matatu ya ngai-ngai.

Feza alizishika kwanza beseni, akazigeuza, akaona ziko sawa. Kiisha Bana Chola akamupa kisu na kusema, "Kata wewe. Hakuna mutu atakata mbele yako." Sikuwa nimemuambia maneno ya mama. Ni Feza alikuwa amemuambia, ndani ya zile siku nane, jikoni mule, na mimi sikujua kama wamekwisha kufika mahali pa kuambiana vile.

Feza akakata. Akatia kinywani, akafunga macho, akaegemea mulango, bega moja. Tukamungoja.

"Ni ya mama," akasema. Akatafuna tena. "Ni ya mama kabisa." Kiisha akafungua jicho moja. "Na samaki kidogo."

Bana Chola alicheka, kicheko cha kuangusha sahani, na mimi naye, na majirani wakakuja kuuliza kuna kilio gani.

Tangu pale nimepika gato nyingi, arusi za watoto, arusi za wajukuu, na sasa wako na friji na mambo yao. Lakini neno langu ni lile lile, nililiapa ile siku jikoni na sijalivunja: sifungi kitambaa kwa kitu nisichojua rangi yake, sifungui kifuniko mbele ya wakwe kama mimi mwenyewe sijachungulia, na gato haitoki machoni pangu. Mukija kwa arusi hapa Kashikishi mukaona bibi muzee amekaa juu ya sanduku, hasimami hata kucheza, hata padri akipita kumusalimu, musimuulize ana shida gani. Ni mimi. Ninangoja saa ya kukata.